Kamba ya Malagarasi

Dar es Salaam
4 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta na nguvu, na goti limepunguza makelele yake. Sisi huku tu wazima, ila joto linatuchemsha bila sufuria. Kaka Adriano msalimie, na mwanawe Recheli mwambie viatu vya shule nimevipata.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Nikikupigia, Recheli huweka spika na nyumba nzima hukusanyika kama ni taarifa ya habari. Haya ninayotaka kukuambia ni yako peke yako, ndiyo maana nimempa Nestory wa jirani mkononi. Basi lake linaondoka kesho asubuhi.

Nilikuambia nimepewa kazi ya kupanga makaratasi ya marehemu Profesa Xavery Nkwabi, yule wa saikolojia, mzaliwa wa Urambo. Familia yake imeyaleta maktabani hapa chuoni, maboksi arobaini na moja. Wamenichagua mimi kwa sababu nusu ya maandishi ni Kinyamwezi, na ofisi nzima anayekisoma ni mimi. Miaka thelathini yule mzee alitembea njia ya zamani ya misafara, Tabora hadi Ujiji, akiwauliza watu jambo ambalo sisi hatumwulizi hata padri: jinsi wanavyosali, na jinsi wanavyolala na wenzi wao, na kama mambo hayo mawili yanajuana.

Mama, nilidhani nitakuta upuuzi. Nimekuta watu. Kuna mzee anasema kila akimkaribia mkewe alikuwa anavua rozari shingoni, hadi siku mkewe alipomwambia airudishe, Mungu si mgeni wa kufichwa chumba kingine. Nilianza kusoma nimesimama, nikajikuta nimekaa sakafuni, na chakula cha mchana sikukikumbuka. Sijui nikueleze vipi. Ni kama kuingia kanisani siku ambayo hakuna misa, ukakuta limejaa.

Profesa hakuandika majina. Kila mtu alimpa jina la kituo cha msafara: Tura, Rubuga, Kwihara, Malagarasi. Jana nilifungua boksi la Kwihara, la mwaka 1996. Ni mama Mkatoliki ambaye mumewe amesafiri miaka mitano, naye anashika mwiko wa safari kama wake wa wapagazi walivyoushika zamani: mwanamume mwingine asikalie kitanda, moto usitoke nyumbani kwake, na kila mwezi ukiandama anafunga fundo kwenye kamba. Nikafika mahali anaposema: "Mwili unaniuliza, nami naujibu kwa Salamu Maria. Siku nyingine Salamu Maria hazitoshi, natoka naenda kulima."

Mama, sauti hiyo naijua. Imenilea. Nikaendelea kidogo hadi kwenye habari ya kaa la moto, nikafunga jalada. Nisamehe, sikusoma kwa kukusudia. Sikuwahi kujua kama unabeba mzigo huo.

Nina swali moja. Ndani ya boksi la Malagarasi, ambalo bado sijalisoma, kuna bahasha yenye kamba ya gome la myombo iliyosukwa pamoja na uzi mwekundu, ina mafundo. Ni ile iliyokuwa inaning'inia juu ya kitanda chako nikiwa mdogo. Kwa nini ulimpa Profesa kamba yako? Na kwa nini akaiweka kwenye boksi la mtu mwingine?

Mwanao,
Julieth

Ntalikwa
19 Machi 2024

Mwanangu Julieth,

Marahaba. Mwangaluka. Goti lina afya kuliko mimi, ndilo linaloniamsha. Mvua zinatuchezea, mahindi yamesimama yanatutazama kama wadai. Recheli kafurahi viatu, anauliza kama vina kisigino. Mjibu mwenyewe.

Kwanza acha kuomba msamaha. Wewe na Adriano mlidhani mlitoka kwenye gunia la mpunga? Nilikuwa na mwili, na bado ninao, ingawa siku hizi unauliza habari za dawa ya kuchua tu.

Ndiyo, Kwihara ni mimi. Profesa alikuja na baiskeli ya katekista, nikamletea kiti, yeye akachagua kigoda. Alikuwa mwanamume wa kwanza kuniuliza swali kisha akangoja jibu. Ndiyo maana nilimwambia hata lile ambalo sikuwaambia ninyi. Sasa umelisoma nusu, bora nikupe zima.

Baba yenu Octavian aliondoka Mei 1991, wewe hujatembea, kwenda Uvinza kwenye kazi ya chumvi, arudi baada ya mavuno mawili. Babu yake alikuwa mpagazi, na ukoo wao waliamini hivi: mume akiwa njiani, mke ndiye anayeishikilia njia. Akivunja mwiko, njia inamla mume. Mimi nilikuwa nasali rozari na ninafunga fundo, sikuona kama vinagombana. Barua zake zilikuwa zinakuja. Ya mwisho ilifika Februari 1993.

Mwezi wa tatu mwaka huohuo ikanyesha siku tatu bila kupumua. Jirani yetu Tunu akaja na kigae kuomba moto. Viberiti vyake vimelowa, jikoni kwake majivu tu, mtoto anatetemeka kwa homa hadi meno yanagongana. Nikasimama pale mlangoni nikifikiria mwiko, na mtoto namsikia. Nikampa kaa la moto. Mtoto akapona. Octavian hakuandika tena.

Ukoo wakasema Koleta kavunja mwiko. Wao walimaanisha mwanamume. Baba yenu mdogo Kasimiri alikwenda mpaka Uvinza, akarudi mikono mitupu, na tangu siku hiyo hajawahi kula kwangu. Sikubisha. Ningebisha vipi na mimi najua nilivunja? Wao walikosea jina la kosa tu. Tangu hapo sijatoa moto kwa mtu. Kijiji kizima wananiita mchoyo wa moto, na watoto wanaimba. Mtoto aliyepona ni huyuhuyu Nestory anayekuletea barua. Usimwambie.

Sasa kamba. Sijampa mtu kamba. Nimeinuka kwenda kuishika kabla sijaandika maneno haya: yangu iko hapa, chini ya mto, niliitoa juu ya kitanda tulipoezeka bati. Zilikuwa mbili tu. Baba yako alisuka moja ndefu, uzi mwekundu niliuchomoa mwenyewe kwenye mtandio wangu wa arusi, kisha akaikata katikati. Mimi nusu, yeye nusu, akaifunga kiunoni. Tulisema akirudi tutakaa jikoni tufungue mafundo pamoja.

Julieth, hiyo kamba imefikaje huko? Naishia hapa.

Mama yako,
Koleta

Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Wote tu wazima, na viatu havina kisigino. Leo salamu zangu ni fupi, unisamehe.

Nimelisoma boksi la Malagarasi. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu Bi Mwanahawa, mkuu wetu wa kumbukumbu, alinifungia mlango wa ofisi yake nikalia humo.

Siwezi kukuambia kilichomo. Nilipoanza kazi hii nilitia sahihi kiapo cha siri, lakini si kiapo changu kinachonizuia. Ni chake mwenye maneno. Juu ya jalada Profesa ameandika sharti alilopewa, na hilo naruhusiwa kukunakilia: "Asiambiwe mpaka aulize mwenyewe, kwa mkono wake. Kama ameolewa tena na ana amani, aachwe na amani yake."

Nimemwuliza Bi Mwanahawa kama mtoto anaweza kuuliza kwa niaba ya mama. Akasema hapana, na mwenyewe macho yamemjaa.

Kwa hiyo mama, ni wewe. Karatasi moja, mwandiko wako. Ukiuliza, nitajibu yote. Usipouliza, nitalifunga boksi na nitakupenda vilevile.

Mwanao,
Julieth

Dar es Salaam
20 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa pili Nestory anashuka stendi akinionyesha viganja vitupu. Recheli anasema unakula, unakwenda kanisani, unalima. Anasema barua yangu umeiweka chini ya mto na ukiulizwa unaimba.

Sikusukumi. Nataka tu kujua goti linaendeleaje.

Mwanao,
Julieth

Ntalikwa
16 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba nyingi, maana ni za miezi miwili. Goti linaendelea kunichunga. Mahindi tulivuna ya kula, tunashukuru. Wote wazima.

Nilikaa kimya kwa woga, nakwambia wazi. Miaka thelathini na moja nimelibeba kaa lile nikiwa sina hakika. Asiye na hakika anaweza kulala, hata kama kwa vipande. Nikaona nikiuliza, karatasi itasema: ndiyo Koleta, ilikuwa ile siku ya mvua. Nami ni mzee, sina miaka mingine ya kuisamehe nafsi yangu.

Kilichonibadilisha ni kumbukumbu moja ambayo nilikuwa nimeiweka mahali pasipo pake. Profesa alikuja tena. Septemba 1998, jua kali, bila baiskeli, kwa miguu kutoka barabarani. Alikaa kwenye kigoda kilekile. Akaniambia, "Mama, kuna jambo lolote unataka kuniuliza?" Nikasema hakuna baba, kunywa uji kwanza. Akanywa kidogo. Akarudia, "Mama, huna swali?" Nikasema swali langu ni kwa nini umekonda. Akauliza mara ya tatu, na mara hiyo machozi yakamtoka, mwanamume mzima, msomi, yakadondokea kwenye uji. Nikajua amefiwa. Kwetu mgeni aliyefiwa haulizwi. Anapewa maji ya kunawa uso na anaachwa aseme akiwa tayari. Nikampa maji. Nikaangalia pembeni ili asione aibu. Akanawa, akaniaga, akaenda, na hakurudi tena.

Nilijivunia adabu yangu siku ile. Sasa naona yule mtu alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kigae, anaomba kaa moja tu, neno moja, nami nikamnyima.

Basi nauliza. Andika tarehe na uweke kwenye boksi.

Mimi Koleta, mke wa Octavian, wa Ntalikwa, sijaolewa tena. Amani ninayo ya mchana tu. Nauliza kwa mkono wangu: mume wangu alikwenda wapi, na je, ni moto wangu uliomuua?

Mama yako

Dar es Salaam
1 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea. Mwite Adriano akae karibu, si lazima asome.

Siyo moto wako. Nimeanza na hilo ili usisome mengine ukiwa hujavuta pumzi. Siyo moto wako, mama.

Baba alifariki Agosti 1998, katika nyumba ya masista ya kutunza wagonjwa, ng'ambo ya mto Malagarasi. Huko walimjua kwa jina la babu yake, Lugembe, ndiyo maana baba mdogo Kasimiri hakumpata. Profesa alifika huko mwezi Juni kuzungumza na wagonjwa juu ya sala na mwili. Hakujua ni nani hadi alipoiona kamba kiunoni, akaikumbuka nyingine aliyoiona kwako. Nimenakili maneno ya baba kama yalivyo, sikuongeza koma:

"Mwiko niliuvunja mimi. Oktoba 1991, miezi mitano tangu nitoke nyumbani, kwa mwanamke aliyekuwa ananipikia. Simlaumu, wote tulikuwa wapweke, naye amekwisha kutangulia. Januari 1993 nikapimwa, nikaambiwa ni ugonjwa ule. Nikaandika barua ya mwisho na sikusema. Nikirudi nitalala kwenye kile kitanda, sina nguvu ya kukataa, maana Koleta nampenda. Basi nisirudi. Nimekaa miaka hii garimoshi nalisikia linapita kwenda Tabora, na sijalipanda.

"Kwetu mume akipotea, wanasema mke aliiachia njia. Najua Koleta atalibeba hilo, na ndilo linaloniuma kuliko vidonda. Njia haikunila, Profesa. Nilijila mwenyewe. Lakini nikituma neno, neno litatangulia na mimi nitalifuata, najijua. Kwa hiyo asiambiwe mpaka aulize.

"Mwezi ukiandama nafunga fundo. Najua na yeye anafunga, saa hiyohiyo, mwezi huohuo. Hapo tunakuwa wawili, mwili na mwili, kama chumbani kwetu, na sina homa. Masista wanasema nisali. Sijui kama hiyo ni sala. Wewe umesoma, niambie."

Pembeni Profesa ameandika kwa penseli: "Sikumjibu. Nadhani ndiyo." Na chini, kwa kalamu nyingine, labda miaka baadaye: "Vitabu vyangu vyote ni kujaribu kumjibu mtu huyu."

Mama, tazama tarehe. Alivunja Oktoba 1991. Aliamua kutorudi Januari 1993. Tunu alikuja kwako mwezi wa tatu. Siku ulipompa Tunu kaa la moto, baba alikuwa ameshaamua, na alikuwa ameamua kwa sababu yako, ili wewe uishi.

Kuna maandishi ya mwisho kutoka kwa sista aliyemhudumia: alifunga fundo lake la mwisho siku nne kabla, vidole havikuweza, sista akashika ncha moja.

Mimi sina kumbukumbu ya baba hata moja. Sasa ninayo hii. Naigusa kamba yake kila asubuhi nikiwa na glavu za kazi, na jana niliivua glavu moja. Bi Mwanahawa aliona, akageukia dirishani.

Mwanao na mwanawe,
Julieth

Ntalikwa
25 Agosti 2024

Mwanangu Julieth,

Marahaba. Mwangaluka. Sisi wazima, Recheli kawa wa nne darasani na anatembea kama mkuu wa wilaya.

Nitaanza na hasira, maana ndiyo iliyonijia kwanza. Siku tatu nilimkasirikia baba yako hadi nikawa nasema peke yangu shambani. Kwani nyumba hii ina kitanda kimoja? Ningemlaza chumba cha watoto! Ningempikia uji, ningemwogesha, tungekaa jikoni wawili tukifungua mafundo yetu kama tulivyoahidiana! Wanaume wakiamua kukupenda hawakuulizi. Siku ya nne nikalia, na kilio kile kilikuwa kinanidai tangu wewe hujatembea. Adriano alinishika. Hakusoma, nilimsimulia.

Kisha, Julieth, nikaogopa kwa namna nzuri. Miezi yote ile nilipokuwa nimesimama uani natazama mwezi, nikidhani naiambia hewa, kulikuwa na mtu upande wa pili ameshika ncha. Na baada ya Agosti 1998 nimefunga mafundo zaidi ya mia tatu peke yangu, na sikuhisi tofauti. Mwulize Profesa wako hilo, kama kwenye maboksi yake kuna jibu. Mimi nadhani hakuiachia ncha.

Misa ya marehemu ilisomwa Jumamosi iliyopita, kwa jina lake kamili. Kasimiri alikuja. Nilimsomea mstari mmoja tu: mwiko niliuvunja mimi. Ya ugonjwa na ya mwanamke nimeyaacha, hayo si yake kuyajua. Alivua kofia, halafu akauliza kama kuna ugali. Alikula wa watu wawili.

Jumatatu nikamtuma Recheli kwa Tunu, aje na kigae. Tunu ana jiko la gesi siku hizi, Nestory kamnunulia. Akaja akilalamika, mgongo umempinda, kigae kakitoa chini ya kopo la maua, anauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamketisha jikoni kwangu. Nikamweleza ya siku ile ya mvua, kwamba tangu hapo sijatoa moto, na kwa nini. Hakuwa akijua. Miaka yote hii aliungana na kijiji kuniita mchoyo. Akashika mdomo.

Nikachukua kaa kubwa kwenye mafiga, nikaliweka kwenye kigae chake, nikamsindikiza hadi mlangoni. Akatembea nalo polepole kuvuka njia, akilipulizia lisizime, bibi wa miaka sabini mwenye gesi nyumbani. Watoto wakatoka kutazama, na hakuna aliyeimba. Moto ukatoka kwangu, nami nikaona ulivyo mdogo.

Nestory nimemwambia mwenyewe, kwa hiyo akikukabidhi barua hii usimshangae, tangu jana haongei vizuri.

Kamba ya baba yako usiiombe kwa Bi Mwanahawa kwa nguvu. Mweleze, atajua la kufanya. Akiiruhusu siku chache za Krismasi, njoo nayo. Yangu nimeianza, nimefungua kumi na nne, vidole vimekataa. Ya Octavian sijui kama alikaza kama alivyokuwa anakaza mizigo, lakini tutakaa jikoni, wewe na mimi na Adriano, tutafungua moja lake, moja langu, mpaka zinyooke.

Kata kucha zisiwe fupi sana, zinahitajika.

Mama yako,
Koleta, mjane wa Octavian